Fatibaiki ya bei chee: grisi kwanza, upepo pili, hela baadaye

Kila nikisimama na baiskeli yangu nje ya duka la vyakula vya Kiafrika hapa Minneapolis lazima mtu aulize bei. Wabongo, Wakenya, jamaa wa Kongo, wote ni hivyo hivyo, wanaliminya tairi kwanza kwa kidole afu wanauliza, bana hii umenunua shilingi ngapi? Tairi la nyuma la bodaboda huwa inchi 3 au pungufu, la kwangu ni inchi 4 (ndo hizi zinazoitwa fatibaiki, baiskeli za matairi manene), kwa hiyo wanaona kabisa kwamba hii sio baiskeli ya kawaida na wanadhani na bei yake sio ya kawaida. Nikiwaambia ni dola 300 na ushee, mpya, wanashtuka, afu linakuja swali la pili ambalo ndo limenifanya nikae chini niandike: mbona watu wanaojua baiskeli wanasema hizo za dola 300 ni takataka?

Sio takataka, na hilo nalisema kwa moyo mmoja. Ila ni baiskeli ambayo haijamaliziwa. Unacholipia pale ni chuma na upana, yaani fremu na foko zenye nafasi ya tairi la inchi 4 na ringi pana za kulibeba hilo tairi. Vingine vyote vilivyofungwa pale vimewekwa ili baiskeli itimie iuzwe, kazi ya kuvimalizia ni yako wewe. Ukivimalizia kwa mpangilio mzuri unapata baiskeli ya kweli kwa hela ambayo mtu mwenye kodi ya nyumba na watu wa kuwatumia nyumbani anaweza kuimudu. Ukianzia kwenye vile vitu vya rangirangi vinavyong'aa mtandaoni utamwaga hela nyingi na baiskeli itaendelea kukwaruza vile vile.

Kwanza kwanini mtu aliyekulia Tanga ahitaji kitu kama hiki. Huku theluji inaweza kuanza Novemba na ikaja kuisha Aprili. Njia ya baiskeli ya Midtown Greenway, ile iliyopita kwenye bonde la reli ya zamani kusini mwa katikati ya jiji, inafagiliwa vizuri tu, shida ni mitaa ya ndani ambako magari yanaikanyaga theluji mpaka inakuwa mifereji, usiku ile mifereji inaganda, asubuhi ukiingia na baiskeli ya tairi jembamba gurudumu la mbele linashika mfereji wake na wewe unashika wa kwako. Mimi natoka kazini usiku, basi linapita kwa nadra saa hizo, na kusimama kituoni kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri sio kitu cha kumtakia mtu.

Hesabu yake iko hivi, na ukiielewa hii umeelewa fatibaiki yote. Mimi na baiskeli na begi tunafika kama kilo 110, hizo ni karibu pauni 240. PSI maana yake ni pauni kwa kila inchi ya mraba, kwa hiyo matairi yakiwa na PSI 60 sehemu inayogusa ardhi kwa matairi yote mawili ni kama inchi 4 za mraba, basi. Shusha upepo mpaka PSI 6 na ile sehemu inatanuka mpaka inchi 40, uzito ni ule ule ila umesambazwa mara kumi. Ni hesabu ya makadirio maana ukuta wa tairi wenyewe nao unabeba kidogo, lakini picha ndo hiyo, tairi linatandazika juu ya theluji kama unyayo wa ngamia kwenye mchanga. Tairi jembamba huwezi kulishusha hivyo, ringi itagonga chini kwenye shimo la kwanza tu. Upana upo kwa ajili ya kukuruhusu kutoa upepo, mtu akinunua upana akaujaza upepo mpaka tairi likalia kama ngoma amelipia kitu asichokitumia.

Na hizi baiskeli hazikuanzia kwenye kampuni kubwa, nataka watu walijue hili kwa sababu linakupa ujasiri wa kushika spana. Mwaka 1987 huko Alaska walianzisha mashindano ya Iditabike, watu wakapita na baiskeli za milimani kwenye njia za mbwa wa kuvuta sleji, na sehemu kubwa wakawa wanasukuma kwa miguu maana matairi yalizama. Baada ya hapo mafundi wa kule wakaanza kuhangaika wenyewe, kuna waliounganisha ringi mbili kwa kuchomelea, ubavu kwa ubavu, tairi mbili zikae pamoja. Simon Rakower wa Fairbanks akatoa ringi ya SnowCat yenye upana wa milimita 44, enzi hizo huo ulikuwa upana wa kutisha. Upande mwingine kabisa, kwenye jangwa la New Mexico na mpakani na Meksiko, Ray Molina alikuwa anatafuta baiskeli ya kupita kwenye mchanga, akatengenezesha ringi za milimita 80 hivi na tairi za inchi 3.5. Watu wa theluji na mtu wa mchanga wakaja kukutana, na akina Mark Gronewald wa Alaska wakaanza kuunda fremu za kubeba matairi ya namna hiyo. Afu mwaka 2005 kampuni ya Surly ikatoa fremu ya Pugsley ambayo mtu yeyote angeweza kuiagiza dukani, na tairi yake ya Endomorph ya inchi 3.7. Surly wapo Bloomington, hapa hapa Minnesota, kutoka kwangu naweza kwenda kwa baiskeli. Yaani kitu chenyewe kilizaliwa gereji, kwa watu waliokosa wakatengeneza, kwa hiyo ukifungua ya kwako ukaichokonoa unafanya kile kile walichofanya wao.

Haya, kununua.

Fatibaiki mpya ya kuanzia kwenye maduka maalumu ya baiskeli inachezea dola 1,000 mpaka 1,500, zile za kaboni zinapita 3,000 bila shida. Zile za maduka makubwa yanayouza kila kitu kuanzia maziwa mpaka matairi ya gari zinakuwa kati ya dola 250 na 450 kutegemea na msimu. Utakuta fremu ya chuma, tairi 26 kwa 4, gia 7, breki za diski za kuvuta kwa waya, na uzito wa kilo 20 na kitu. Uzito usikutishe sana, ni uzito wa baiskeli ya mzigo ya nyumbani na watu wamebebea magunia ya mkaa. Kitu cha kukutisha ni namna ilivyofungwa. Mtu anayezifunga pale dukani mara nyingi anafunga na majiko ya kuchomea nyama na viti vya bustani siku hiyo hiyo, sio kosa lake, ila wewe ukifika angalia foko haijageuzwa nyuma mbele, inua gurudumu la mbele lizungushe uone kama linacheza kushoto kulia, shika breki ya mbele usukume baiskeli usikie kama usukani unagonga kwa ndani. Ukiweza, nunua iliyoko ndani ya boksi uifunge mwenyewe. Hapo unakuwa na uhakika wa kila nati.

Kipimo nacho ni jambo la msingi na wengi wanaliruka. Nyingi za hizi zinakuja saizi moja tu. Mtu wa futi 5 na inchi 7 mpaka futi 6 anakaa vizuri, mfupi zaidi ya hapo asimame juu ya bomba la fremu kwanza kabla hajatoa hela, na mrefu sana atahitaji bomba la siti refu zaidi ambalo ni rahisi kulipata.

Na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hapa ndo hela za watu zinapopotelea. Baiskeli hii ina vipande vya aina mbili. Kuna vipande vya kawaida, vinavyoingiliana na baiskeli yoyote: pedeli, siti, usukani, vishikio, kalipa za breki (vile vinavyobana diski), cheni, mkono wa nyuma wa kuhamisha cheni, waya zote. Hivi badilisha unavyotaka, vipo kila mahali na ukija kuuza baiskeli unavivua unabaki navyo. Na kuna vipande vya upana: habu za magurudumu (pale katikati panapozungukia ekseli), ringi, ekseli ya pedeli na krenki. Kwenye baiskeli ya kawaida nafasi ya gurudumu la nyuma ni milimita 135 hivi, kwenye fatibaiki utakuta 170, 177, 190, 197, kila kampuni na yake, na pale katikati kwenye pedeli bomba lina upana wa milimita 100 badala ya 68 au 73. Maana yake habu moja nzuri ya nyuma pamoja na kuisuka upya kwenye ringi inaweza kula hela iliyonunua baiskeli nzima. Kwa hiyo vipande vya upana usivibadilishe. Vihudumie. Vitie grisi, vikaze vizuri, viache.

Nikiwa nimeileta nyumbani kitu cha kwanza ilikuwa kuifungua yote. Nikaitandaza sebuleni juu ya maboksi, mke wangu alivumilia sana siku ile. Nikampigia mjomba Tanga kwa video, yeye ni fundi baiskeli toka mimi sijazaliwa, na Tanga kama unavyoijua ni mji wa baiskeli.

"Mjomba shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Hebu nioneshe hiyo habu. Sogeza simu."

Nikasogeza. Akacheka kwa furaha kabisa, akasema hii si gololi kama za Phoenix tu! Na kweli, ndani ya gurudumu la mbele kuna bakuli la chuma, gololi na koni ya kukaza, teknolojia ile ile ya baiskeli ya babu, imevutwa tu ikawa pana. Gololi zilikuwa zimekaa kwenye kile kikamba cha bati kinachozishikilia, grisi yenyewe kidogo mno, rangi ya kahawia, upande mmoja mkavu kabisa. Mjomba akaniambia kitupe hicho kikamba, weka gololi huru, zitaingia nyingi zaidi na zitabeba mzigo vizuri zaidi. Mbele huwa ni gololi za inchi 3/16, nyuma za robo inchi, nilizinunua pakiti mbili kwa dola chache sana.

Kazi yenyewe iko vidoleni. Unajaza grisi kwenye bakuli, unapanga gololi moja moja mpaka duara lijae ubaki na mwanya mdogo, unarudisha ekseli, unakaza koni kwa mkono mpaka iguse, afu unashika ncha mbili za ekseli unalizungusha gurudumu taratibu. Ukisikia punjepunje kwenye vidole, kama linakwama na kuachia, umekaza sana. Ukilitikisa likagonga, limelegea. Katikati yake kuna sehemu ndogo mno, labda robo ya mzunguko au chini ya hapo, ambapo linazunguka kimya na halichezi, hapo ndo unaishikilia koni kwa spana nyembamba ya koni na kukaza nati ya kuifunga kwa spana nyingine. Ukikaza ile nati koni nayo inajisogeza kidogo, kwa hiyo unaiacha ikiwa imelegea kiduchu ili nati imalizie yenyewe. Mjomba ananiangalia kwenye simu hasemi kitu, anasikiliza tu, afu akasema "hapo, usiguse tena." Lile gurudumu ambalo asubuhi lilikuwa linasimama baada ya mizunguko michache likawa linazunguka mpaka unachoka kulisubiri. Sijabadilisha kitu hapo zaidi ya gololi na grisi, na hii mpaka leo ndo huduma iliyoleta tofauti kubwa kuliko zote.

Fanya hivyo hivyo kwenye gololi za usukani na kwenye ekseli ya katikati, tia grisi kwenye bomba la siti na kwenye nyuzi za pedeli (ya kushoto inakazwa kinyume, kumbuka). Lakini friweli ya nyuma usiijaze grisi nzito. Ndani yake kuna vile vimeno vinavyoruka, na kwenye baridi kali grisi nzito ikiganda vinashindwa kuinuka, unakanyaga pedeli inazunguka bure mbele na nyuma, uko katikati ya daraja saa sita usiku. Oili nyepesi inatosha.

Upepo sasa. Nunua kipimo cha upepo cha presha ndogo, kinachosoma kuanzia sifuri mpaka 15 au 20, dola 20 hivi. Pampu za kawaida zina saa inayofika 120 au 160, mshale wa PSI 6 na wa PSI 10 kwenye saa hiyo huwezi kuutofautisha kabisa, na kwenye tairi nene tofauti hiyo ni usiku na mchana. Kwenye lami mimi napanda na 15 mpaka 18, kwenye njia za udongo porini 8 mpaka 10, theluji iliyoshindiliwa 6, theluji laini iliyodondoka leo 4 na wakati mwingine chini ya hapo mpaka tairi linaonesha mikunjo pembeni. Mtu mwepesi ashushe zaidi, mzito apandishe.

Na kuna hili la baridi ambalo huku ni muhimu mno. Ukijaza PSI 8 ndani ya nyumba kwenye nyuzi 20, ukatoka nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kipimo chako kitasoma karibu 5. Upepo haujavuja popote, hewa imesinyaa tu kwa baridi. Kwenye tairi la gari au la baiskeli ya kawaida pauni tatu huzioni, hapa ni karibu nusu ya ulichonacho. Kwa hiyo ama unajaza nje, ama unajaza ndani ukijua kitapungua. Jamaa yangu mmoja alikuwa ameshaanza kutafuta pancha kwenye tyubu nzima kabisa, kila asubuhi anatoka nje tairi limelegea, jioni akiliingiza ndani limepona.

Vitu vinavyogusa mwili. Pedeli za plastiki zinazokuja nazo zitoe siku ya kwanza, zikilowa zinateleza na buti la baridi halishiki, za nailoni pana zenye vimisumari ni dola 30 na utahama nazo baiskeli hadi baiskeli. Vishikio dola 15. Siti ni ya mtu na mtu. Ila kama unaendesha msimu wa baridi hela yako nzuri kuliko zote iende kwenye ile mifuko mikubwa inayovalishwa kwenye usukani, unaingiza mkono humo ndani pamoja na mkono wa breki, unavaa glavu nyepesi tu na vidole vinabaki hai. Watu wananunua glavu za dola 100 na bado vidole vinakufa, kwa sababu upepo unapiga na mkono wa breki wenyewe ni chuma cha baridi.

Breki. Hapa nina ubishi na watu wa mtandaoni ambao kila kitu kwao ni haidroliki, yaani breki za kusukumwa na mafuta badala ya waya. Breki za waya kwa baridi yetu sio adhabu, ni sifa, maana kuna mafuta ya breki yanayokuwa mazito kwenye baridi kali na mkono unarudi kwa uvivu, na waya ukikatika unanunua mwingine kwa dola 5. Shida ya breki za waya za bei chee iko kwenye pedi na kwenye kava la waya. Kava laini linabonyea unapovuta, kwa hiyo nusu ya nguvu yako inaishia humo. Weka kava gumu lisilobonyea, waya mpya, pedi nzuri, pasha pedi kwa kushuka kilima ukibana na kuachia mara nyingi mpaka zishike, na diski ifutwe kwa spiriti isibaki na alama ya mafuta. Hiyo yote haifiki dola 40. Baada ya hapo kama bado huridhiki ndo uchukue kalipa kama Avid BB7 ambayo pedi zote mbili unazisogeza kwa mkono bila spana, ni kalipa nzuri na inaheshimika, lakini mimi sikufika huko.

Gia nitapita haraka. Friweli inayokuja nayo mara nyingi sproketi yake kubwa kabisa ina meno 28, kwa kilo 20 na theluji hiyo ni ngumu, badilisha uweke ya gia 7 yenye sproketi kubwa ya meno 34, dola 25 au chini, na kifaa cha kuifungulia dola 10. Ukiweza pia weka sproketi ndogo mbele, meno 30 au 28. Mwendo wa juu utaupoteza, na kwenye fatibaiki mwendo wa juu ulikuwa huna. Cheni isafishe kila baada ya chumvi, maana huku wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu na chumvi inakula cheni haraka kuliko hata upepo wa bahari wa kwetu.

Matairi ndo ya mwisho kwa sababu ndo ya gharama. Yanayokuja na baiskeli ni mazito, na waya wa chuma pembeni, na mpira wake mgumu, unaongezeka ugumu kwenye baridi. Tairi nzuri inayokunjika, mfano Schwalbe Jumbo Jim au Maxxis Minion ya inchi 4, inakupunguzia uzito pale pale unapousikia zaidi, kwenye mzunguko wa gurudumu, na kusema kweli baiskeli inabadilika tabia. Mpya moja inaweza kufika dola 100 au kuzidi. Zangu nilinunua kwa mtu, zimetumika msimu mmoja, kwa bei isiyofika nusu. Zile za misumari kwa ajili ya barafu tupu, kama Dillinger za kampuni ya 45NRTH, hawa nao ni watu wa Bloomington, moja inapita dola 200, kwa hiyo mbili zina thamani kuliko baiskeli nzima. Kama njia yako ni barafu kila siku ziwe na wewe, mfupa wa nyonga ni ghali zaidi, ila kama njia yako ni theluji basi upana na upepo mdogo vinatosha.

Tyubulesi, yaani kuendesha tairi bila tyubu ndani, kwenye ringi hizi nakushauri uache. Ringi zenyewe zina matobo ya kupunguza uzito yaliyozibwa na utepe, tairi lake halikukusudiwa kushika upepo bila tyubu, utacheza na maji ya kuziba pancha wiki nzima na sakafu itajua. Ukitaka wepesi weka tyubu za inchi 2.4 za baiskeli ya milimani, zinatanuka zinajaa, ila mpira unakuwa mwembamba na pancha ikitokea inafungua haraka, kwa hiyo beba kiraka. Foko ya shokapu nayo usihangaike kuinunua, tairi lenye PSI 8 ndo shokapu lako.

Jumla yangu mimi: baiskeli 340 na kodi, grisi na gololi 15, kipimo 20, pedeli na vishikio 45, mifuko ya usukani 40, breki 35, friweli na kifaa chake 35, matairi ya mkononi 90. Inakuja dola 620. Sasa mtu atasema kwa hela hiyo mwezi wa nne, wakati watu wanasafisha gereji na hakuna anayewaza theluji, ungepata fatibaiki ya kampuni nzuri iliyotumika kwa dola 600 mpaka 800. Ni kweli kabisa na kama una dola 700 mkononi leo na unaweza kusubiri mwezi wa nne, fanya hivyo, nakuunga mkono. Lakini watu wengi ninaowajua hawana 700 kwa mkupuo. Wana 300 mwezi huu, 20 mwezi ujao, 40 baada ya mshahara wa pili, na wanahitaji kufika kazini Desemba hii. Baiskeli hii inakubali kulipwa hivyo, na kila senti unayoweka unaiona barabarani wiki hiyo hiyo. Ndo maana naitetea.

Na haiishii kwenye theluji. Kando ya mto Minnesota, pale Bloomington ambapo barabara ya Lyndale inaishia kusini, kuna njia ya porini wanaiita River Bottoms, ni bonde la mafuriko, maji yakipungua yanaacha mchanga na tope jembamba, na kiangazi napita pale na PSI 7 juu ya mchanga ambao kwa miguu ungezama. Kila nikipita namuwaza mtu wa Pangani au Bagamoyo au Diani mwenye fukwe kilomita kwa kilomita na baiskeli isiyoweza kuzipita. Kule shida itakuwa maji ya chumvi kwenye zile gololi, kwa hiyo ratiba ya grisi ingekuwa ya mara kwa mara, lakini grisi tunayo, mafundi tunao, tena wanaijua habu hii kuliko mafundi wengi wa huku.

Kwenye maziwa yaliyoganda jihadhari. Idara ya maliasili ya jimbo inasema barafu mpya safi iwe angalau inchi 4 ndo utembee juu yake, na wenyewe wanasisitiza hakuna barafu salama asilimia mia. Karibu na mito inayoingia na chini ya madaraja huwa nyembamba, mimi pale sipiti hata nikiona nyayo za wengine.

Kama uko Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul, na unafikiria kununua, usinunue kabla hujapanda. Niandikie hapo chini, Jumapili mchana huwa naanzia pale Lyndale kwenye maegesho, nitakupa yangu uzunguke nayo na kipimo cha upepo tutakuwa nacho, tuanze na 15 tushuke mpaka 5 ujionee mwenyewe. Na kama umeshanunua na inakwaruza, njoo nayo pamoja na spana za koni, grisi ninayo.